Tawi Lililofunga Njia

Nikolao, mgeni kutoka Nyasaland, aliingia kijijini Mnyambe akijipepea kwa tawi bichi kama Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya.

"Hodi mama, naomba maji."

Mwanamke aliyekuwa akitwanga aliliona tawi, akauacha mchi kinuni.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Lilifunga njia ya mkato. Nikaliondoa, nikapita."

Ngoma iliyokuwa ikilia msituni ikanyamaza.

"Litupe! Ile njia ya jandoni. Hapiti asiyetahiriwa."

Nikolao akalitupa, lakini utomvu ulikuwa umemganda vidoleni. Alipogeuka, wanaume wenye mapanga walikuwa wamekwisha fika.

"Shikamooni," akasema.

Wakamzunguka. Mmoja akamtazama kuanzia miguuni hadi kiunoni.

"Mgeni, kwenu wanaume mnatahiriwa?"

Nikolao akaushika mkanda wa kaptula kwa mikono miwili.