Bakuli la Buluu

Keki ilikuwa jikoni, makaa chini na makaa juu. Tangu mumewe, Shomari, alalamike kuwa mwili umemwishia nguvu, Mwanakombo alikuwa akimwokea keki ya karoti isiyo na sukari, yenye mayai, mtindi na unga wa karanga, akimfungia kwenye bakuli la buluu aende nayo kazini.

Hodi ikapigwa. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, tumbo limemtangulia, mikononi kashika bakuli lile lile la buluu. Alilijaza tende, maana chombo cha watu hakirudi kitupu.

"Nimeona nije mwenyewe kukushukuru, wifi," alisema kwa haya. "Kaka yako Shomari hakosi kuniletea keki yako. Mkunga anasema damu imeongezeka."

Mwanakombo alitazama vidole vyake. Karoti ilikuwa imevipaka rangi, utadhani hina ya bibi harusi.

"Pita ndani, wifi," akasema hatimaye. "Nyingine inakaribia kuiva. Na kaka yangu hachelewi kurudi."

Akatandika mkeka, akapanga sahani tatu, akaketi akiuelekea mlango, kisu cha keki mapajani.