Pedi ya Pili

Siku hizi mhakiki haruhusiwi kuandika juu ya gemu aliyowahi kuicheza mpaka kumbukumbu zake za gemu hiyo zifutwe, asije akaipendelea. Asubuhi Shebe alikwenda kliniki kufutiwa gemu ya zamani ya mbio za magari. Adhuhuri alikuwa sebuleni anaicheza, furaha tele kama mtoto aliyevishwa nguo ya Idi.

Mkewe, Mwanakombo, alisimama mlangoni. Jana alimsihi aikatae kazi hiyo, naye akamwambia, "Wanafuta gemu tu, mama. Gemu tu."

"Tamu hii!" Shebe alimwita. "Ila inataka watu wawili. Peke yako inapwaya."

Akaokota pedi ya pili ya kuchezea gemu. Vitufe vilikuwa na madoa ya hina.

"Nani kaichafua hivi?"

"Raya," alisema Mwanakombo. "Mlikuwa mkicheza wote kila Ijumaa, hata alipougua."

Shebe akainamisha kichwa, kama ilivyo ada yake kila binti yao anapotajwa.

"Mungu amrehemu mwanangu. Lakini Raya hakupenda gemu hata siku moja."

Akachovya kitambaa kwenye spiriti, akaisugua pedi mpaka ikatakata, kisha akampa mkewe.