Fundi Bomba Agoma Kunywa Maji

“Shikamoo, mama,” alisema mzee mwenye mvi hadi kwenye nyusi, akijiweka sawa kitandani.

“Marahaba, mwanangu,” alijibu mwenye koti jeupe, uso mkavu kabisa. Alishajifunza kwamba kubishana na maradhi ya kusahau ni kujichosha bure. Leo mzee alikuwa na miaka ishirini na kitu, na kijana mwenye adabu huwaamkia wakubwa zake.

Tatizo lilikuwa glasi ya maji iliyokuwa mezani. Tangu jana haijapungua. Mwenye ugonjwa huu anaweza kusahau hata kiu, na kwa huyu dalili zilishajitokeza: midomo imepasuka, mkojo una rangi ya chai ya rangi, na tangu alfajiri amechanganyikiwa kuliko kawaida yake. Daktari alisema waziwazi kwenye simu: ikifika adhuhuri hajanywa, gari lije limchukue akawekewe dripu. Mara ya mwisho alipolazwa alilia usiku kucha akiuliza kwao ni wapi, akarudi hawezi kusimama. Safari hii huenda asirudi kabisa.

Na huyu ndiye fundi bomba aliyewafikishia maji watu wa nusu ya mji!

Mwenye koti jeupe alimwambia atoe ulimi, kama alivyoelekezwa. Ulikuwa mkavu kama karatasi. Hofu ikamshika.

“Kunywa kidogo, mwanangu.”

“Siwezi. Mimi mume wa mtu. Mke wangu akinikuta nanyweshwa na mwanamke mwingine chumbani, hapa hapatakalika.”

“Mimi nimekuja kikazi.”

Mzee alimkagua juu hadi chini. “Kwa umri huo? Kumbe siku hizi hospitali hazistaafishi watu?”

Alibana kicheko. “Ana wivu hivyo, mkeo?”

“We acha tu! Asubuhi kaja bibi kizee mmoja na uji, nikamtimua kabla mke wangu hajamwona. King’ang’anizi huyo! Eti anadai hapa ni kwake.”

“Pole yake,” alisema mwenye koti jeupe, akatazama dirishani kidogo.

Jua lilikuwa linakaribia utosini. Kubembeleza kulishagonga mwamba, basi akaona ajaribu uchokozi.

“Mkeo nimemwona hapo nje. Anasema wewe mdomo tu, glasi nzima ya maji huiwezi.”

“Kasema hivyo?”

“Kasema, na kucheka akacheka.”

“Lete!”

Mzee aliipiga glasi yote, kidevu kikatota, kisha akaipindua kuonyesha kwamba halikubaki hata tone. Mwenye koti jeupe alimimina ya pili mbiombio.

“Hii taratibu, usije ukapaliwa.”

Mzee alitii. Alipomaliza, alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

“Mama, ukitoka mwambie nimezimaliza zote mbili. Na umsalimie sana. Mwambie leo awahi kurudi, mimi nyumba hii bila yeye siiwezi.”

“Nitamwambia,” alisema.

Alitoka, akaufunga mlango polepole. Jikoni, nesi aliyekuwa ameshika simu tayari kuita gari, aliinuka.

“Vipi, bibi, amekunywa?”

“Kanywa, tena glasi mbili,” alijibu, akilivua koti na kumrudishia mwenyewe. Machozi na kicheko vilikuwa vinagombania uso wake. “Na kaniagiza nikajisalimie.”