Kiu ya Mzee Harphool

Bimla alimwaga jagi la pili la sharubati kwenye sinki. Mumewe, Sukumaran, akashika kichwa kama aliyeona mtu anamwaga maziwa ya mtoto.

"Ilikuwa tamu hiyo!"

"Tamu haitoshi."

"Kwani anakuja baba yako au wanakuja majaji?"

Bimla hakucheka. Alichuma majani mengine ya nanaa, akayatia kwenye kinu cha jiwe, akaanza kuyaponda polepole. Nanaa haitaki hasira. Ukiitwanga kama unayemtwanga mke mwenzio, inakulipa uchungu. Jagi la kwanza lilikufa hivyo.

Nje, mwezi wa Jeth, kilele cha kiangazi, ulikuwa umefungua tanuri lake. Mbwa wa mtaani walishaacha kubweka, maana hata kubweka kunataka mate. Na katika jua hilohilo, Mzee Harphool alikuwa njiani. Alikuja mjini kupimwa macho. Asubuhi kaka yake Bimla alikuwa amepiga simu: "Baba kasema atapita kwako. Usiniulize kwa nini, hata mimi nimeshikilia ukuta nisianguke."

Tangu Bimla aolewe na Sukumaran, kijana wa kusini kwenye minazi na lugha isiyojulikana, bila ngoma wala baraka, mzee hakuwahi kulitaja jina lake. Akiulizwa ana watoto wangapi, hujibu: mwana mmoja, binti mmoja. Na huyo binti ni Roshni, dada mkubwa. Bimla alifutwa kama hesabu iliyokosewa ubaoni. Leo alitaka kujua jambo moja tu: kama bado ana baba.

"Leo yanakwisha," Sukumaran alisema huku akivunja barafu. "Mtu mwenye kinyongo hanywi chako. Akinywa tu, amesamehe."

"Akinywa..." Bimla alianza. Akageukia jira iliyokuwa ikikaangwa, akaitikisa kabla haijaungua.

Kichwa cha jirani yao, Bi Phoolwati, kikachomoza juu ya ukuta. Pua ilitangulia.

"Harufu hiyo imenitoa kitandani. Anakuja waziri?"

"Baba."

Kicheko cha Bi Phoolwati kikakatika. Yeye aliolewa mjini hapa kutoka kijiji cha jirani na kwao Bimla, na habari za huko alizijua kuliko za jikoni kwake. "Mzee Harphool? Yule aliyekwenda kwa Roshni, harusi ya mjukuu wake mwenyewe, na chupa yake ya maji kwapani na chapati zake kwenye leso?"

"Huyohuyo."

"Mkaidi kama ngamia," Sukumaran akadakia.

Bi Phoolwati akamtazama kama unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Haya, mkwe. Ngamia." Akapokea glasi ya kuonja juu ya ukuta, akaimaliza bila kupumua. "Hii, hata maiti ataomba ya pili." Kisha akashusha sauti. "Mungu akusimamie, mwanangu."

Mzee alifika kilemba kimejaa vumbi, masharubu yamelala kwa joto, midomo imepasuka kama shamba lisiloona mvua. Bimla akainama, akamgusa miguu. Mkono wa mzee ulielea juu ya kichwa chake, ukarudi ulikotoka. Akaketi kwenye kitanda cha kamba.

"Safari, Baba?"

"Jua."

"Na macho?"

"Yapo."

Basi. Mazungumzo yakaishia hapo kama bomba la serikali.

Bimla akaleta glasi. Ilikuwa ya chuma, inatoka jasho kuliko mgeni mwenyewe, barafu ikigongana ndani. "Karibu, Baba."

Mzee akaipokea. Akaitazama, na koo lake likapanda na kushuka. Akaiinua. Bimla akaung'ata ukingo wa mtandio wake, akafumba macho. Sukumaran alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Glasi ikafika kwenye masharubu. Ikasimama. Mzee akavuta harufu kwa muda mrefu.

"Mama yako," alisema, "alikuwa akitia chumvi nyeusi hivihivi."

Kisha akaiteremsha, akaiweka sakafuni, akaisukuma mbali kwa kidole kimoja.

Tabasamu la Sukumaran likaanguka. "Mzee wangu, nakuomba, hata funda moja. Anahangaika tangu asubuhi. Kama kuna kosa, ni langu, si lake."

Mzee hata hakumgeukia. Alipekua mfuko wake, akatoa chupa ya plastiki iliyobonyea, maji ya kisima cha kwao, yaliyochemkia njiani ndani ya basi. Akainua shingo, akanywa hayo maji ya moto, funda baada ya funda, mpaka chupa ikalia. Glasi ya barafu ilikuwa pale pale chini, inamtazama.

Bimla akaketi sakafuni, akaufunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kutikisika.

Sukumaran akapiga magoti kando yake. "Basi, usilie. Tumejaribu. Basi."

Mzee Harphool akapangusa masharubu. Sasa ule mkono wake ukashuka, ukatua juu ya kichwa cha Bimla, ukabaki hapo.

"Mpe mumeo hiyo glasi, naona yeye ndiye mwenye kiu," alisema. "Kisha umfundishe. Tangu lini kwetu baba akanywa hata maji nyumbani kwa binti yake?"