Tumbo la Ng'ombe

Vyungu vya wanawake wa Ijuganyondo vilikuwa kivulini vikikauka, tayari kwa moto mmoja wa Jumamosi. Kati yake alisimama ng'ombe wa udongo wa Jovina, pembe ndefu, tumbo limejaa.

"Mpasue tumbo, wifi, umtoe udongo," alisema dada wa mumewe. "Akiingia motoni hivyo atalipuka, atuvunjie vyungu vyetu vyote."

Jovina alimkumbatia ng'ombe wake. Tangu mimba yake itoke hakuwa amelia, alikuwa amefinyanga.

"Unampasua, au nimpasue mimi?"

"Usimguse!"

Alishika kisu mwenyewe. Alikata taratibu, akachota udongo laini mpaka ukamjaa kiganjani.

Wifi yake alinyoosha mkono ili autupe.

Kidole gumba cha Jovina kilikuwa kimeshafinyanga humo sikio dogo la mtoto.