Taa ya Mzee Kihiyo

Kila asubuhi taa za kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya nyumba ya Bi Zubeda zilimulika buluu, na magari yote yakasimama kumpisha mumewe, Mzee Kihiyo. Mwenyewe alikuwa kaburini tangu Ramadhani. Lakini taa hizo zilijua mazoea ya kila mtu mtaani, zikimmulikia rangi yake kabla hajakanyaga lami, na mazoea ya Mzee yalikuwa kwenda kununua vitumbua.

Bi Zubeda hakutaka buluu ile izimwe. Alikaa barazani na vikombe viwili vya chai, akikumbuka enzi ambazo taa hazijaja, Mzee akimkamata mkono na kufoka, "Tazama kulia kwanza, wee mwanamke, utaniachia watoto!"

"Mama, magari yanasimama bure," alilalamika binti yake, Mwanahawa. "Leo nakwenda manispaa waizime."

"Ngoja basi nimwone mara ya mwisho."

Buluu ikawaka. Magari yakasimama. Kisha, kando ya buluu, ikaanza kumeta zambarau, rangi ya Bi Zubeda.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Siendi popote, mwanangu," alisema, huku miguu yake ikitafuta kandambili chini ya kiti.