Sinema ya Hati za Akiba

Spika za jumba la sinema zilikwishanunuliwa na mwenye banda la video, na kesho yake viti vingeng'olewa kupisha marobota ya mitumba. Hata hivyo, Natvarlal, mwendesha mashine ya picha, hakuwa na moyo wa kumrudisha mama aliyevuka kwa pantoni kutoka Busisi, aje kumwona tena kwenye filamu mwanawe aliyefia vitani.

"Picha ipo, mama. Sauti hakuna."

"Sauti ndiyo niliyoifuata, baba. Imeanza kunipotea."

Akaketi vivyo hivyo.

Mashine ikanguruma. Ukutani akatokea kijana mwenye sare mpya, kola ikimpwaya, koromeo likipanda na kushuka. Akainua hati ya akiba, akafungua kinywa.

Enzi za vita, filamu hiyo fupi ya kuchangisha fedha za vita ilitangulia kila picha, na Natvarlal aliijua neno kwa neno. Huruma ikamshika. Akaketi kando ya mama, akaanza kuifuatisha ile midomo:

"Ndugu wananchi, nunueni hati za akiba. Tukirudi, tutakula matunda yake pamoja..."

Mama akamshika mkono, macho yake yasibanduke ukutani.

"Nyamaza, baba," akanong'ona. "Mwache aseme mwenyewe."